Gari Limegoma, Nani Alilitumia Mara ya Mwisho?

Mwezi huu tunayaweka kando mambo ya wivu, simu na mawifi, tunaingia kwenye jambo ambalo kwa uzoefu wangu linagombanisha watu kuliko hata ile meseji ya saa sita usiku. Gari lisilowaka asubuhi.

Msicheke. Wengi wetu tuna gari moja tu ndani ya nyumba, na hilo hilo moja ndilo linalopeleka watoto shule, mama kazini na baba kwenye biashara. Siku likigoma, saa kumi na mbili unusu asubuhi, watu wameshavaa, uji umeshanyweka, swali la kwanza linalotoka mdomoni si "limefanyaje?" Ni "nani alilitumia mara ya mwisho?" Hapo kesi imefunguliwa, mshitakiwa amepatikana, na mlalamikaji ndiye hakimu.

Sasa nikuulize, ndugu yangu: hilo swali limeshawahi kuwasha injini gani?

Ninachotaka kukwambia mwezi huu ni kifupi. Gari likigoma, pima kabla ya kulaumu, na pima kabla ya kulipa. Ukishika hayo mawili utaokoa hela, na utaokoa asubuhi nyingi za kununiana. Wala huhitaji kuwa fundi. Unahitaji masikio, kifaa kimoja cha bei ndogo, na robo saa ya uvumilivu.

ILIKUWA HIVI KWETU

Sisi tunaishi Magomeni. Si ile ya Dar, hii ya Bagamoyo, kama kilomita 70 kaskazini mwa jiji. Tuna pikapu, Toyota Hilux ya dizeli ya zamani, yenye injini ile ya 3L ambayo mafundi wengi wa mitaani wameshaifungua na kuifunga mpaka wamechoka nayo. Hiyo pikapu ndiyo duka letu. Msimu wa mananasi inakwenda Kiwangwa, kwenye barabara ya Msata, inajaza, halafu inashuka mpaka soko la Mabibo. Siku nyingine inabeba samaki na barafu kutoka soko la samaki la hapa mjini kwenda kwa wateja wa Bunju, Tegeta na Mbezi. Isipowaka, mfuko unalala njaa.

Ilikuwa Januari, na Januari mnaijua wenyewe. Jioni nilikuwa nimeitumia mimi, kwenda Zinga kumwona shangazi na kurudi. Asubuhi Baba Watoto akaingia, akageuza ufunguo. Tak! Mara moja tu, basi. Akageuza tena. Tak! Taa za dashibodi zinawaka vizuri, injini kimya.

Akanitazama. "Jana usiku ulizima redio?"

"Nilizima."

"Na taa ya ndani?"

"Baba Watoto, nilizima kila kitu."

"Haya. Basi betri imejiua yenyewe."

Akaitwa fundi wa mtaani. Akaja na spana moja mkononi, akachungulia, akamwambia mwenzangu, "Bosi, betri imekufa hii. Kama siyo betri basi ni stata. Tuanze na betri." Nikamuuliza ameipimaje. Akacheka kidogo. "Shem, hizi kazi tunazijua kwa sauti. Wewe kaa kivulini upumzike."

Betri ya pikapu ya dizeli si kitu cha mchezo. Aliyotutajia yeye ilikuwa laki mbili na nusu. Hela hiyo nyumbani ilikuwepo, ndani ya bahasha ya kaki juu ya kabati, na juu ya bahasha kulikuwa na jina la mtoto wetu wa kwanza. Ada. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, na shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu.

Baba Watoto akaingia ndani kuichukua. Sikumshangaa. Samaki walikuwa wanasubiri, barafu inayeyuka, na mteja wa Tegeta alikwisha kupiga simu mara mbili. Mtu akibanwa namna ile, kununua kitu chochote kunampa faraja kwamba angalau kuna jambo linafanyika. Nikasimama mlangoni.

"Nipe dakika kumi na tano. Tuipime kwanza. Betri ikionekana imekufa, chukua bahasha nzima, na mimi nitakubali mbele ya mama yako kwamba nililala na redio."

Akatazama saa. "Kumi na tano," akasema.

LISIKILIZE LINASEMAJE

Marehemu baba yangu alikuwa fundi umeme wa magari, na mimi ndiye niliyekuwa namshikia tochi. Kwake yeye, gari lisilowaka lilikuwa na mambo mawili tu: ama injini haizunguki, ama inazunguka lakini haishiki moto. Ukishajua uko upande gani, umeshapunguza nusu ya kazi. Anayekuuzia pampu ya dizeli wakati injini haizunguki hata kidogo, huyo ana mzigo dukani anataka uishe.

Tuanze na injini isiyozunguka. Hapa tatizo karibu kila mara ni umeme, na umeme una lugha yake.

Ukisikia tik-tik-tik-tik ya harakaharaka, na taa za dashibodi zinafifia kila unapogeuza ufunguo, betri haina nguvu, au vibano vya kwenye vichwa vyake vimelegea na kuota unga mweupe.

Ukisikia tak moja nzito halafu kimya, taa zikiwa bado zinang'aa, betri huenda haina kosa. Hapo shuku stata yenyewe, au waya mmoja kati ya ile minene inayobeba umeme wa kwenda na kurudi.

Ikiwa taa zinawaka vizuri lakini hakuna hata huo mlio, tazama fyuzi, rilei ya stata na swichi ya ufunguo. Kama gari lako ni otomatiki, kanyaga breki, toa gia kwenye P uweke N, ujaribu tena. Likiwaka kwenye N, tatizo liko kwenye swichi ya gia na wala si stata.

Na ikiwa ni giza na kimya kabisa, betri imeisha au waya wake umechomoka.

Wale wenye magari mapya ya kubonyeza kitufe, nanyi msijione mmepona. Mara nyingi kinachokufa ni kile kibetri kidogo ndani ya ufunguo. Kwenye Toyota nyingi za namna hiyo, kanyaga breki, gusisha ufunguo wenyewe kwenye kitufe cha kuwashia, kisha bonyeza. Nawaambia, kuna mtu ameshaita gari la kuvuta kwa ajili ya kibetri cha ukubwa wa kifungo cha shati.

Sasa wengi huuliza: kama taa zinawaka, betri itakosaje nguvu? Na kama betri ni nzima, mbona stata inagoma? Fikiria bomba lililoziba kwa uchafu. Ukiweka kikombe litajaza, ukiweka pipa utakesha. Taa kubwa ya mbele ya wati 55 inakula chini ya ampea 5 tu. Stata ya injini ya dizeli inataka mamia. Njia ya umeme iliyooza inaweza kulisha taa bila shida, lakini stata ikidai haki yake, inashindwa.

MITA ILIVYONITETEA

Kifaa nilichosema ni mita ndogo ya umeme ya dijitali. Bei yake haifiki chakula cha jioni cha watu wawili kwenye hoteli za Masaki, na faida yake inadumu zaidi. Unaiweka kwenye volti za betri, ile sehemu iliyoandikwa 20. Waya mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi.

Betri iliyojaa, baada ya kupumzika usiku kucha, inasoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2 iko nusu. Ikishuka chini ya 12, hiyo imeisha.

Yetu ilisoma 12.5.

Baba Watoto akainama akasoma mwenyewe. Hakusema kitu. Gari lililoachiwa redio usiku kucha haliamki na volti 12.5, na yeye hesabu anaijua.

Lakini ngoja, kazi haijaisha. Betri inaweza kusoma vizuri ikiwa imelala, halafu ikipewa kazi inazimia. Kwa hiyo mmoja anashika mita, mwingine anapiga stata, gia ikiwa huru na hendibreki imevutwa. Betri ikishuka chini ya volti 9.6 hivi, ama haina chaji ama imechoka. Yetu ilishuka mpaka 12.1 tu. Hiyo ni betri ambayo haijaombwa hata kufanya kazi. Umeme ulikuwa unakwama njiani.

Umeme una njia mbili, ya kwenda na ya kurudi. Ya kwenda ni waya mnene kutoka chanya mpaka kwenye stata. Ya kurudi ni waya wa ethi, unaounganisha chuma cha injini na hasi ya betri. Watu wengi wanaisahau hii ya pili, kwa sababu imejificha chini na haina rangi ya kuvutia. Nikaweka ncha moja ya mita juu ya kichwa cha hasi, kwenye risasi yenyewe na si kwenye kibano, ncha ya pili kwenye chuma kitupu cha injini. Kwenye gari zima, mtu akipiga stata, hapo mita husoma karibu na sifuri. Ikifika nusu volti, una tatizo.

"Piga," nikamwambia.

Tak! Mita ikapanda ikapita 8.

Jirani yetu ana Noah, na ndani ya Noah kulikuwa na zile waya za kubustia. Nikaazima ule mweusi peke yake. Ncha moja nikaibana kwenye hasi ya betri, ya pili kwenye ndoano ya chuma ya injini, ile ya kunyanyulia. Maana yake nimeupa umeme njia mpya ya kurudi, bila kununua chochote. Baba Watoto akasubiri ile taa ya koili izime, akageuza ufunguo.

Ikawaka hapo hapo. Betri ile ile, stata ile ile.

Waya wa ethi tulipoufungua, kwa nje ulikuwa mweusi na mzuri tu. Tulipochana ganda lake karibu na kibano, shaba ya ndani ilikuwa imegeuka unga wa kijani. Fundi umeme mmoja wa pale mjini akatutengenezea mpya kwa waya mnene wa kuchomelea, akabana vichwa vyake vizuri, akasugua chuma kwa msasa mpaka kikang'aa, akafunga, akapaka grisi juu yake. Elfu ishirini na tano pamoja na ufundi. Samaki walifika Tegeta saa sita mchana na barafu ya kuongezea. Bahasha ikarudi juu ya kabati, na Jumatatu ikaenda shule kama ilivyoandikwa.

CHUMVI HAINA HARAKA

Kama unaishi pwani, kuanzia Kunduchi na Bunju, ukapita Mapinga, Kerege na Kiromo mpaka huku kwetu, jambo hili ni lako. Upepo wa bahari unabeba chumvi, na chumvi ikichanganyika na unyevu inasaidia sana kutu ya chuma na ule ukijani wa shaba. Nyumba za mabati wanajua, wenye magari tunajisahaulisha. Pikapu inayobeba samaki inapata mara mbili, kwa sababu maji ya barafu yenye chumvi yanachuruzika kutoka kwenye bodi mpaka chini, na chini ndiko waya wa ethi na stata vinakoishi.

Dawa yake ni ya bei ya soda. Ukitoka kubeba samaki, mwaga maji baridi ya kutosha chini ya gari, siyo kwenye bodi tu. Kila miezi mitatu fungua vibano vya betri, visugue, vipake grisi na uvifunge. Ukifungua, anza na hasi. Ukifunga, malizia na hasi. Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi itapiga cheche, na betri inayochajiwa hutoa gesi inayoshika moto. Kwa sababu hiyo hiyo, mwenye sigara akae mbali.

Na mkibustiana, fuateni utaratibu. Nyekundu kwenye chanya ya betri iliyoisha, kisha kwenye chanya ya betri nzima. Nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho kwenye chuma cha injini ya gari lililogoma, mbali na betri yake. Cheche ya mwisho ipigie huko.

IKIZUNGUKA LAKINI HAISHIKI

Sasa upande wa pili: stata inazungusha injini vizuri, lakini moto haushiki. Hapa betri na stata waache wapumzike. Shuku mafuta, na kwa gari la petroli shuku pia moto wa plagi.

Kwa pikapu ya dizeli, anza na aibu ndogo: dizeli ipo? Geji za magari ya zamani ni waongo wakubwa. Kama iliisha kabisa ukaongeza, au umebadilisha filta, upepo umeingia kwenye njia ya mafuta. Juu ya filta ya Hilux za namna hii kuna pampu ya mkono. Ipige mpaka iwe ngumu, ndipo uwashe. Chini ya filta kuna kizibo cha kumwagia maji. Dizeli ikiwa na maji, maji yanakaa chini, na masika huku kwetu ni ya kuwa nayo makini.

Kisha geuza ufunguo mpaka taa ziwake, bila kupiga stata, mwenzako asikilize kwenye pampu ya dizeli. Kuna solenoidi ndogo inayofungua mafuta, na inatoa mlio mdogo, tik. Usipousikia, tazama fyuzi na waya wake kabla mtu hajakwambia pampu nzima imekufa. Ule waya mmoja ukikatika, injini itazunguka mpaka betri iishe na haitashika.

Asubuhi zenye ubaridi, plagi za kupasha joto nazo hugoma. Dalili yake gari linasumbua likiwa baridi tu, likishapata moto linawaka vizuri siku nzima.

Na jamani, msiikamue stata dakika nzima. Sekunde kumi, pumzika nusu dakika, jaribu tena. Stata inayokamuliwa inaungua, halafu matatizo yanakuwa mawili. Kusukuma nako kuna sheria zake: ni kwa gari la gia za mkono tu, weka gia ya pili, na mkumbuke kwamba injini ikiwa imezima, breki na usukani vinakuwa vizito.

MKE WA BWANA BENZ

Kabla hujaniambia kwamba mambo ya magari ni ya wanaume, nikupe kisa kimoja cha kweli. Mwaka 1888, Ujerumani, kulikuwa na mama mmoja anaitwa Bertha Benz. Mumewe, Karl, alikuwa ameshatengeneza gari lake lakini watu hawaliamini. Bertha alikuwa ameshaweka hela zake za mahari kwenye karakana ya mumewe, kwa hiyo gari lisipouzika, na zake zimekwenda. Mwezi Agosti, bila kumwambia mumewe, akawachukua wanawe wawili wa kiume, Eugen na Richard, akaendesha kutoka Mannheim mpaka Pforzheim. Kama kilomita 106, karibu sawa na kutoka Dar mpaka Chalinze, kwenye barabara za farasi.

Njiani bomba la mafuta likaziba. Akalizibua kwa pini ya kofia yake. Waya wa moto ukachubuka, akaufunika kwa mkanda wake wa soksi. Mafuta yalipopungua akanunua duka la dawa katika mji wa Wiesloch. Alifika, akampelekea mumewe habari kwa telegramu, na safari ile ikawa tangazo kubwa la gari lao.

Mnaona alivyofanya? Bomba limeziba, amezibua bomba. Waya umechubuka, amefunika waya. Hakununua kitu asichokihitaji, na hakumsubiri mtu wa kumlaumu.

SASA TURUDI KWENU WAWILI

Najua kuna atakayesema, "Dada, mwenzangu hapimi, analalamika tu." Nimekusikia. Hizi hapa ndizo kanuni tulizokubaliana sisi, na mnaweza kuzichukua bure.

La kwanza, swali la asubuhi ni "linasemaje?" Swali la nani alilitumia lisubiri mpaka gari liwake. Mara nyingi likishawaka, hakuna anayelikumbuka.

La pili, mnabadilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukibadilisha betri, stata na waya siku moja, gari likiwaka hujui kilichokuwa kibovu, na umelipia vitatu.

La tatu, fundi aulizwe kwa heshima, "Umepimaje?" Fundi mzuri hakasiriki kuulizwa. Atakuonyesha namba kwenye mita au atakwambia nisubiri nipime. Na spea ya zamani irudishwe mkononi mwako, uione. Mafundi wazuri wapo wengi, waliopita VETA na waliojifunzia chini ya mwembe, na ukimpata mmoja mtunze kama unavyomtunza daktari wa watoto. Yule wa "tuanze na betri, kisha tutaona" mwambie aanze kuona kwanza.

La nne, hela ya ada, kodi na chakula haiguswi kwa kubahatisha. Kama kipimo kimeonyesha betri imekufa, kaeni mkubaliane itatoka wapi. Lakini hela ya mtoto isitoke ndani ya bahasha kwa sababu mtu amesikia mlio.

La tano, wote wawili mjue. Ndani ya gari yetu kuna mfuko mdogo: mita, spana namba 10 ambayo inafungua vibano vya betri vya Toyota nyingi, kipande cha msasa, tochi na waya za kubustia. Siku gari likikugomea peke yako jioni pale Makofia, mumeo yuko Dar na chaji ya simu inaisha, mfuko huo utakufaa kuliko namba kumi za mafundi.

Na la mwisho, hili ni la moyoni. Siku ile pikapu ilipowaka, maneno "si nilikwambia" yalikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu, matamu kama nanasi la Kiwangwa. Niliyameza. Mtu aliyetaka kuchukua hela ya ada alikuwa mtu anayehangaika ili nyumba ile. Nilimpa mita akaishika, nikamwonyesha ncha ziwekwe wapi, akapima tena mwenyewe. Jioni aliporudi kutoka Tegeta alikuja na kilo ya zabibu, akaziweka mezani, akasema, "Mama Watoto, kwa ile ya redio, nisamehe." Tukala zabibu. Tangu siku ile yeye ndiye anayewapimia majirani, na anawaeleza habari za waya wa ethi kama vile amezaliwa nao. Mimi namwacha tu.

Wapenzi wasomaji, mapenzi yana majaribu mengi ya kweli. Maradhi yapo, kukosa kazi kupo, ndugu wapo. Hatuna haja ya kuongeza na kipande cha shaba kilichooza. Jumamosi hii, kabla hamjatoka kwenda kula upepo, fungueni boneti wawili, mtazame waya wa ethi wa gari lenu unaanzia wapi na kuishia wapi. Itawachukua dakika tano, na mmoja wenu atachafuka mikono. Mpeni sabuni.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.